Kifungu cha Tisa

Nilisaini nikiwa nimesimama.

Viti vilikuwa viwili. Kimoja amekalia baba mwenye nyumba, cha pili dalali, na karatasi ikalazwa juu ya ndoo iliyofudikizwa chini ya mwembe. Kurasa mbili, zimechapwa steshenari ya mtaani, nukta nukta mahali pa jina langu. Chumba na sebule, choo ndani, luku moja na wapangaji wengine watatu. Kodi shilingi 120,000 kwa mwezi, miezi sita mkononi, na mwezi mmoja wa dalali juu yake.

Nina ugonjwa wa kusoma kila kitu, hata maneno ya nyuma ya daladala. Nikasoma mpaka kifungu cha tisa: "Mwenye nyumba anayo haki ya kubadilisha masharti ya mkataba huu wakati wowote atakapoona inafaa, na mpangaji atakuwa amekubali."

Atakuwa amekubali.

Si "ataombwa akubali". Si "asipokubali ahame". Yaani masharti yenyewe hayajatungwa bado, ila mimi tayari nimeshayakubali.

"Mzee, hiki cha tisa..."

"Dada mwalimu," dalali akadakia, "hiyo fomu tu. Kila mtu anasaini. Ungejua watu wangapi wanakitaka hiki chumba."

Ilikuwa tarehe 29. Kule nilikotoka nilitakiwa kuwa nimetoa vitu tarehe 30. Nikasaini.

Jioni hiyohiyo nilikuwa na kipindi. Nafundisha historia kwenye twisheni ya watu wanaorudia mtihani wa kidato cha sita: konda wa daladala, kijana wa duka la simu, mama mmoja anayekuja na mtoto mgongoni, na wengine kama kumi hivi. Mada ilikuwa wanafalsafa wa Zama za Mwangaza, wale wa Ulaya ya karne ya 17 na 18. Nimeifundisha mara nyingi kiasi kwamba mdomo unakwenda wenyewe. Nikaandika ubaoni: MKATABA WA JAMII. Nikaeleza kwamba watu walikaa, wakakubaliana, kila mmoja akaachia sehemu ya uhuru wake, wakaunda serikali iwalinde.

Mkono ukanisimama na chaki yake.

Walikaa wapi? Chini ya mwembe gani? Nani alikuwa na kiti?

Nikaendelea kufundisha, maana mtihani haumsubiri mtu. Lakini lile neno, mkataba, halikuniachia kwa wiki kadhaa. Nimeamua kuliandika ili nami nilale.

## Chumba cha wiki moja

Nilianza na Mwingereza John Locke, kwa kuwa yeye ndiye tunayemtaja kila tunaposema serikali halali ni ile iliyopata ridhaa ya wanaotawaliwa. Kitabu chake juu ya serikali kilitoka London mwaka 1689, bila jina la mwandishi. Alikuwa ndio kwanza amerudi kutoka Uholanzi alikokimbilia 1683, na hofu haikumtoka. Jina lake alikuja kulikiri kwenye wasia, mwaka aliokufa, 1704. Mwalimu wa ridhaa hakuthubutu kuweka saini yake. (Simcheki. Na mimi hapa sijataja mtaa ninaokaa.)

Locke alijua swali linalomngoja. Kama utawala ni ridhaa, mbona watu wengi hawajawahi kuulizwa? Akajibu kwamba ridhaa ziko mbili, ya kutamkwa na ya kimyakimya. Ukimiliki shamba ndani ya nchi, umekubali utawala wake. Ukipita tu barabarani kwa amani, umekubali. Na hapo katikati akaweka mfano ulionifanya nifunge kitabu kwanza: hata ukipanga mahali pa kulala kwa wiki moja tu, umekubali.

Wiki moja! Mimi nina miezi sita.

Nilikuwa nimeusoma ukurasa ule zaidi ya mara moja, chuoni na baadaye, na kila mara niliupita kama mtu anavyopita tangazo la msiba wa mtu asiyemjua. Safari hii ulinigusa. Kumbe kifungu cha tisa hakikutungwa na kijana wa steshenari. Kina ukoo.

Aliyenitetea alikuwa Mskochi, David Hume. Mwaka 1748 alichapisha insha fupi kuhusu huo mkataba wa mwanzo, na sijui kwa nini haiingii kwenye notisi zetu. Anauliza: mkulima au fundi maskini, asiyejua lugha ya nchi nyingine, anayeishi kwa ujira wa leo kwa leo, utasemaje kwamba amechagua kubaki? Basi hata mtu aliyepakiwa melini akiwa usingizini utasema ameridhia amri za nahodha, eti kwa kuwa hajajirusha baharini akafa.

Niliwasomea darasani. Konda akacheka peke yake kwa muda mrefu. "Mwalimu, huyo mzee alishapanda gari zetu."

Wote tukacheka. Ila mimi nilibaki na ile meli.

## Kimya cha shangazi

Sisi watu wa pwani habari ya kimya tunaijua. Mwari akiulizwa kama ameridhia kuolewa akanyamaza, kimya chake kinahesabiwa ridhaa, kwa sababu ana haya. Mashehe wenye busara huongeza kwamba kimya kina sura nyingi, na anayeuliza sharti atazame uso.

Shangazi yangu aliolewa hivyo, Kilwa Kivinje. Alinisimulia akiwa mtu mzima sana, tunapeta mchele.

"Wakasema nimekubali. Mwanangu, nilikuwa nimemeza kilio, mdomo ningeufunguaje?"

Akapuliza pumba. Akasema baadaye alimpenda mumewe, kuanzia kama mwaka wa sita hivi.

Sijui Locke angemweka wapi.

## Elfu moja kwa mwaka

Upande wa mama ni watu wa Kilwa, na Kilwa ndipo lile neno liliponipeleka.

Nimevuka kwenda Kisiwani mara tatu. Unapanda mashua Kilwa Masoko, maji yakiwa matulivu hata chai hujamaliza umefika. Unaonyeshwa Gereza pale ufukweni, Msikiti Mkuu na kuba zake, Husuni Kubwa kule juu ya bahari. Wageni wanapiga picha. Mara zote tatu sikusikia mtu akitaja mkataba wa 1776. Na mimi niliyekuwa nao kwenye daftari tangu chuo, mstari mmoja uliopigiwa msitari chini, sikuutaja.

Mwezi Septemba mwaka huo, Sultani Hasan bin Ibrahim wa Kilwa alimpa neno lake Mfaransa mmoja, Jean-Vincent Morice, mtu aliyekuwa daktari wa upasuaji kabla hajawa mfanyabiashara wa baharini. Masharti yanaeleweka kuliko ya chumba changu. Sultani atampa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila mmoja, sarafu za fedha za wakati ule. Juu ya hapo Morice atampa mfalme zawadi ya piasta 2 kwa kila kichwa. Hakuna mwingine wa kuuziwa, awe Mfaransa, Mholanzi au Mreno, mpaka Morice apate wake na aseme hataki tena. Anapewa ngome, aweke mizinga yake na bendera yake. Atakayemshambulia mmoja amewashambulia wote wawili.

Muda wa mkataba: miaka 100.

Piga hesabu mwenyewe. Elfu moja mara mia. Watu 100,000, na walio wengi kati yao siku ile walikuwa hawajazaliwa. Mtoto wa mjukuu wa mtu fulani huko bara, upande wa Ziwa Nyasa, alishauzwa kwenye karatasi kabla bibi yake hajavunja ungo.

Atakuwa amekubali.

Miezi miwili kabla ya hapo, Julai, kule Philadelphia Wamarekani walikuwa wametangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa. Na miaka 14 kabla, mwaka 1762, Jean-Jacques Rousseau alikuwa ameshachapisha kitabu chake cha mkataba wa jamii, na sura ya nne imetengwa kwa ajili ya utumwa. Anasema maneno "utumwa" na "haki" yanafukuzana. Hayakai nyumba moja. Kisha anatunga mkataba wa dhihaka, bwana anamwambia mtumwa: nafanya nawe mapatano ambayo hasara yote ni yako na faida yote ni yangu, nitayafuata kadiri nitakavyopenda, nawe utayafuata kadiri nitakavyopenda.

Nilipousoma mstari huo kwa sauti darasani, kijana wa duka la simu alisema, "Hiyo ni ya mkopo wa kwenye simu."

Lakini tazama tofauti. Rousseau, hata katika dhihaka, alimwachia mtumwa nafasi ya upande wa pili. Kwenye karatasi ya Kilwa upande wa pili ni sultani. Wale elfu moja hawamo kama wahusika. Wamo kama bei.

## Saini ya pili

Hapa ndipo nilipokwama zaidi, na nilikaa siku nyingi bila kuandika neno.

Kumweka Morice peke yake kizimbani ni rahisi. Wanafunzi wanapenda, na mimi napenda wakipenda. Ila mkataba haukamiliki kwa saini moja. Haukudumu hiyo miaka mia. Miaka ya 1780 Waomani waliishika Kilwa na mambo yakapangwa upya. Biashara yenyewe iliendelea, ikakua, na watu wetu walikuwemo humo kila hatua: wa kuteka, wa kusindikiza misafara, wa kupokea ushuru, wa kuandika.

Na kwetu nasi tulikuwa na falsafa yetu ya nani ahesabiwe mtu. Tuliita uungwana. Leo ukimsifu mtu kwa tabia njema unasema huyu mwungwana, na hakuna anayeshtuka. Zamani hizo neno lilikuwa na mlango na kitasa: mwungwana ni aliyezaliwa huru, ana nasaba, neno lake linapokelewa barazani. Aliye nje ya mlango hana ukoo, hana ushahidi, hata mavazi na viatu vilikuwa na masharti. Tumelirithi neno, tumesahau mlango.

Kwa hiyo nikisikia mtu akisema mawazo ya usawa ni ya Wazungu na hatuyahitaji, wazee wetu walikuwa nayo yote, huwa natamani kumuuliza: wazee wepi? Waliokaa barazani au waliosimama nje wameshika taa?

Najua jibu hili litawakera baadhi yenu. Mimi mwenyewe linanikera. Upande wa mama hawajawahi kunieleza sisi tulikuwa wepi.

## Wajumbe wawili waliorudishwa

Walikopelekwa wengi wa watu hao ni visiwa viwili vya Wafaransa, Île de France na Bourbon, ambavyo leo tunaviita Mauritius na Réunion. Wengine walizungushwa Rasi ya Tumaini Jema mpaka Saint-Domingue, koloni la Wafaransa huko Karibiani, upande wa pili wa dunia, na kule mtu wa pwani yetu aliitwa "Mozambique" hata kama hajawahi kuiona Msumbiji.

Yupo Mfaransa mmoja aliyewaona kwa macho. Bernardin de Saint-Pierre alikuwa mhandisi Île de France kuanzia 1768 hadi 1770, na aliporudi Paris akawa rafiki wa Rousseau, wakitembea pamoja kutafuta mimea. Kitabu chake cha safari kilitoka 1773. Humo anasema hajui kama kahawa na sukari ni lazima kwa furaha ya Ulaya, anachojua ni kwamba mimea hiyo miwili imeleta balaa kwa sehemu mbili za dunia: Amerika iliondolewa watu ipatikane ardhi ya kuipanda, Afrika inaondolewa watu ipatikane mikono ya kuilima.

Hata Montesquieu aliigusa sukari. Huyu ndiye baba wa ile mihimili mitatu tunayoitaja kila bunge linapogombana na serikali, na kwake sina ugomvi mkubwa; alijua binadamu, hakutuambia tutafute mtawala mwema, alisema mambo yapangwe hivi kwamba madaraka yazuie madaraka. Katika kitabu chake cha 1748 aliwakejeli wanaotetea utumwa: sukari ingekuwa ghali mno, anasema kwa sauti yao, kama isingelimwa na watumwa. Naye alikuwa mtu wa Bordeaux, bandari iliyonona kwa sukari hiyohiyo.

Sasa sikiliza kisa hiki, maana ndicho kilichoninyima usingizi kuliko vyote.

Mwaka 1789 Wafaransa walitangaza kwamba watu huzaliwa na hubaki huru, na sawa katika haki. Makoloni hayakuguswa. Agosti 1791 watumwa wa Saint-Domingue wakachoma mashamba ya miwa, wakapigana mpaka mjumbe wa Ufaransa kule akalazimika kuwatangazia uhuru mwaka 1793. Ndipo tarehe 4 Februari 1794 Paris ikafuta utumwa katika makoloni yote. Maneno yalitoka vitabuni, lakini sheria ilitoka shambani, na ilitoka ikinuka moshi.

Juni 1796, wajumbe wawili, Baco na Burnel, wakatia nanga Île de France kuitekeleza. Matajiri wa mashamba wakawapokea kwa vurugu, na baada ya siku chache tu wakawarudisha melini kwa nguvu wakawafukuza kisiwani.

Fikiria mtu aliyeuzwa Kilwa kwa piasta 20. Yuko shambani, labda anaiona ile meli ikiingia. Kwa sheria ya Paris ni mtu huru tangu miaka miwili iliyopita. Anaiona meli ikitoka.

Mwaka 1802 Napoleon akaurudisha utumwa kisheria. Mauritius uhuru ulifika 1835, chini ya Waingereza. Réunion, mwishoni mwa 1848.

## Nilitaka kuifuta mada

Baada ya hapo hasira ilinikaa vibaya. Nikaanza kukusanya madhambi kama mtu anayejiandaa kwa talaka. Locke aliweka paundi 600 kwenye kampuni ya kifalme iliyofanya biashara ya watumwa Afrika Magharibi. Alikuwa katibu wa mabwana waliomiliki koloni la Carolina, kule Amerika, na mwandiko wake umo kwenye rasimu ya katiba yao ya 1669, inayompa kila mtu huru mamlaka kamili juu ya watumwa wake weusi. Hume, mtetezi wangu wa chumba, ana tanbihi ya aibu kuhusu watu weusi ambayo siwezi kuirudia hapa. Rousseau aliyeandika kitabu kizima cha malezi alipeleka watoto wake watano kwenye nyumba ya watoto waliotupwa.

Nikaingia darasani nikawasomea orodha yote. Nikasema, haya, mtihani utauliza mchango wao katika utawala bora. Andikeni mnachotakiwa kuandika, lakini mjue.

Kimya.

Akanyoosha mkono yule mama. Mtoto alikuwa amelala, kwa hiyo alizungumza polepole.

"Mwalimu, mume wangu naye hakumaanisha aliposema atanilisha na kunivisha. Lakini alisema mbele ya mashahidi. Siku ya kesi ndiyo maneno niliyoshika."

"Ukashinda?"

"Nusu."

Sijawahi kufundishwa hivyo na mtu yeyote, na nimelipa ada sehemu nyingi.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Watu wa Saint-Domingue hawakuuliza kama waandishi wa 1789 waliwakusudia wao. Waliwakamata kwa maneno yao. Kisha walipoona maneno hayatoshi walishika panga, na 1804 wakawa nchi, Haiti. (Nusu, kama alivyosema mama: mwaka 1825 Ufaransa iliwatoza faranga milioni 150 kwa kujikomboa wenyewe. Ukitafuta kifungu cha tisa kilichokomaa, ndicho hicho.)

Na Olympe de Gouges, mwandishi wa Kifaransa, ambaye vitabu vyetu vya kiada vinampita kama hakuwapo. Mwaka 1791 alilichukua tamko la wanaume lenye vifungu 17, akakaa, akaandika lake la vifungu 17, palipoandikwa mwanamume akaweka mwanamke. Katika cha kumi anasema mwanamke ana haki ya kupanda jukwaa la kuuawa. Basi awe pia na haki ya kupanda jukwaa la kuhutubia. Tarehe 3 Novemba 1793 walimpa haki ya kwanza. Ya pili iliwangoja Wafaransa wanawake mpaka karne ya 20.

## Huzaliwa

Wiki iliyofuata nilikwenda na Katiba yetu darasani, ile ya 1977, nakala yangu iliyokunjika pembe. Ibara ya 12: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa."

Nimeisoma maisha yangu yote kama kauli ya TANU, na ni kweli imepitia huko. Lakini ina babu Ufaransa, 1789, na sehemu hii yote ya haki za binadamu iliingizwa mwaka 1984, miaka saba baada ya Katiba yenyewe. Sasa nilikuwa nalisikia neno moja tu: huzaliwa.

Kiswahili kimefanya hapo kitu ambacho Kifaransa hakiwezi. Hiyo "hu" haina nafsi wala wakati. Haisemi nani, haisemi lini. Huzaliwa jana, huzaliwa leo usiku wodini, huzaliwa njiani kwenye msafara wa kwenda Kilwa. Hakuna mlango pale wa kuweka kitasa. Ukitaka kumtoa mtu nje ya sentensi hiyo utalazimika kuivunja yote.

Iweke kando ya "atakuwa amekubali". Lugha ni moja, karatasi zote mbili ni za mkataba.

Konda, ambaye haachi kitu, akauliza Katiba hiyo ilisainiwa na nani. Nikamwambia ilipitishwa na Bunge Maalum la 1977, wananchi hawakuipigia kura. Akauliza na ile nyingine. Nikamweleza ile nyingine: tume iliyozunguka nchi nzima kukusanya maoni, Jaji Warioba akiwa mwenyekiti, Bunge Maalum la 2014, Katiba Inayopendekezwa, kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa, na imebaki hivyo. Wakenya walipiga yao Agosti 2010, wakaipitisha, na ibara yake ya kwanza kabisa inasema mamlaka yote ni ya wananchi. Yetu inasema hivyo katika ibara ya 8.

"Kwa hiyo sisi tumepanga," konda akasema, "ila tunasubiri mwenye nyumba alete fomu."

Sikumsahihisha. Nilimwambia aandike vizuri, mtihani ni Mei.

## Kalamu

Mkataba wangu uliisha mwishoni mwa mwezi uliopita. Nilikwenda na nakala yangu, kifungu cha tisa nimekizungushia penseli. Dalali hakuwepo. Kiti kilikuwa wazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Nilikuwa nimejiandaa kama ninakwenda mahakamani. Nilikuwa na Rousseau kichwani, nina Hume, nina yule mama. Nikamwonyesha. Akavaa miwani, akasoma taratibu, midomo ikicheza.

"Hiki mimi sikukiandika," akasema.

"Sasa nani, mzee?"

"Yule kijana wa steshenari. Ipo kwenye kompyuta yake, anamtolea kila mtu. Mimi nilidhani ni sheria ya serikali."

Tukatazamana. Akachukua kalamu mfukoni mwa shati, akakikata kwa mstari mmoja mnyoofu, kwenye nakala yangu na kwenye yake. Akakaa kidogo anaangalia lile pengo. Halafu akainama akaandika pembeni, kwa mkono, herufi kubwa kubwa: Maji yakikatika si juu ya mwenye nyumba.

Akanigeuzia karatasi.

Nikaisoma mara mbili. "Na pampu ikiharibika?"

Akafikiri. Kuku alipita chini ya ndoo ileile.

"Pampu ni juu yangu," akasema, akaninyooshea kalamu. "Andika."